Walio Nje ya Karatasi



Juma lililopita tuliwaahidi mazungumzo juu ya matumizi ya nyumba katika miezi ya karo za shule, nayo yatakuja, inshaallah. Leo twaomba radhi kuyaweka kando, kwa sababu ya safari tuliyoifanya Malindi mwisho wa juma. Ukoo mmoja mkubwa wa pwani yetu uliwaita wote wanaobeba jina lake, kutoka Faza na Lamu, Mambrui, Mombasa, Unguja na hata Maskati, wakae pamoja siku mbili wachunguze jina hilo limetoka wapi na limemfikia nani. Tumeombwa tusiutaje ukoo wenyewe, na mtakapofika mbele mtaelewa kwa nini. Sisi tulialikwa kwa kuwa baadhi yetu ni watoto wa mabinti wa ukoo huo. Damu tunayo, jina hatuna. Hali hiyo ilitupa kiti cha pembeni, na kiti cha pembeni chafaa sana kutazamia mambo.

Malindi ilichaguliwa kwa sababu watu wa Lamu hawakutaka kwenda hadi Mombasa, na watu wa Mombasa hawakutaka kwenda hadi Lamu. Huo ndio uliokuwa ugomvi wa kwanza, nao ulimalizika kwa amani.

Mikutano ya namna hii aghalabu huitwa kwa ajili ya fahari: kujua babu yupi alifika na jahazi gani. Huu uliitwa kwa sababu ya harusi iliyovunjika.

Mwaka jana kijana mmoja wa ukoo huo, mkaazi wa Mombasa, alimposa binti wa ukoo huohuo, mkaazi wa Malindi. Baba zao wakutana kwa babu wa nne, na wazee walifurahi kwamba jina litabaki nyumbani. Mahari yalikubaliwa, kadi zilichapishwa, sanduku la bibi harusi lilikwisha kupangwa. Siku nne kabla ya nikahi akafika bibi mzaa mama wa binti, kutoka Faza, kwa mashua hadi Mokowe na kisha kwa basi. Bibi huyu alikwisha kuambiwa kwa simu jina la bwana harusi na la babake. Lakini katika ukoo ule jina hilo lina wenyewe watano au sita, na kadi ya harusi, kama kadi zetu zote, ilimtaja baba peke yake. Alipokwisha kuvua buibui na kunywa maji, akauliza swali ambalo hapana aliyeliuliza katika miezi yote ya posa.

"Mamake kijana ni nani?"

Akatajiwa jina la marehemu. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Huyu nimemnyonyesha mimi."

Miaka 26 iliyopita, mjini Lamu, mama wa kijana huyo alipatwa na homa baada ya kujifungua, akafariki kabla ya arobaini. Bibi wakati huo alikuwa akikaa nyumba ya jirani, naye ana kitinda mimba wake mkononi. Akampokea yule yatima, akawa ampa ziwa hili na mwanawe lile, kwa muda wa karibu miezi miwili, hata jamaa wa upande wa baba walipokuja kumchukua mtoto wakampeleka Mombasa. Binti yake mkubwa, ambaye baadaye ndiye aliyemzaa bibi harusi, alikuwa msichana wa miaka 17 aliyekuwa akimbembeleza yule mtoto mgongoni. Mtoto alikua Mombasa, alilelewa na shangazi zake kwa mapenzi, na hapana aliyemweleza habari za maziwa, kwa kuwa wale waliokuja kumchukua walikuwa wanaume, na wanaume hawakuuliza.

Kwa hiyo kijana alikuwa ndugu wa ziwa wa mama mtu, na bibi harusi alikuwa mtoto wa dada yake. Aya ya 23 ya Suratun-Nisaa imewataja mama walionyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa walioharamishwa, na mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yametufahamisha kwamba kunyonya huharamisha kile kinachoharamishwa na nasaba. Mjomba wa ziwa ni mjomba. Harusi ikavunjwa. Kadi zilizobaki zilichomwa jikoni, na binti alikaa miezi mitatu bila kutoka nje ya mlango.

Hilo ndilo lililowakalisha watu hawa Malindi.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, mahamri na mbaazi za nazi, wanaume walikaa upande mmoja wa ukumbi na wanawake upande wa pili, na karatasi ikafunguliwa. Ilikuwa ndefu kuliko meza nne zilizounganishwa. Mwenyewe ni ami mmoja, mwalimu mstaafu, aliyetumia miaka 11 na sehemu nzuri ya pensheni yake kuikusanya, na haki ya kazi yake hatuna budi kuitoa kabla ya kusema neno jingine. Amesoma maandishi ya makaburi ambayo chumvi ya bahari imekwisha kuyala nusu. Amekwenda katika nyaraka za taifa Nairobi na zile za Zanzibar. Ameyapitia madai yaliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye mashamba katika ukanda wa pwani wajitokeze wathibitishe milki zao. Na kwa kuwa mdai hulazimika kueleza amerithi kwa nani, makaratasi yale yamehifadhi majina ya mababu kuliko yalivyohifadhi mashamba yenyewe. Mfano wake, alituambia, ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu, ambaye pamoja na shughuli zake zote alipata wasaa wa kuandika kwa Kiarabu historia ya jamaa zake waliotawala Mombasa.

Asubuhi nzima ilikwenda katika herufi. Jina lao laandikwa kwa namna saba, na kila tawi liliamini kwamba namna yake ndiyo asili na nyingine ni makosa ya makarani. Wako waliotanguliza "Al", wako waliotanguliza "El", wako wasiotanguliza kitu. Ami akawatuliza kwa kuwakumbusha kwamba marehemu mshairi wa Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany, aliliandika jina lake hivyo, ilhali vitabu vya historia huwaandika watawala wa kale wa Pate kuwa ni Wanabahani. Hata hivyo kelele hazikutulia mpaka kahawa ilipoletwa.

Kisha kuna kitambulisho cha serikali. Karani ataka majina matatu, lako, la baba na la babu, na nisba huanguka njiani. Bwana mmoja wa Mombasa alikitoa chake mfukoni akakisoma kwa sauti: majina matatu ambayo ukiyaita katika barabara yoyote ya Mji wa Kale watageuka watu kumi. Mjukuu wake atasajiliwa kwa majina mengine matatu, na baada ya hapo hapana karatasi ya serikali itakayowaunganisha. Jamaa zake waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakaishia Omani, wao nisba wanayo katika pasi zao. Kwa hiyo ndugu wawili wa babu mmoja wakikaa kwenye ofisi moja, mmoja ana jina la ukoo na mwingine hana, na ofisa hatawaamini.

Haya yote yana maana yake, na mwenye kesi ya mirathi mbele ya Kadhi aijua vizuri kuliko sisi. Lakini karatasi ilipokwisha kufunguliwa hadi mwisho, vizazi tisa, tuliinama tukaisoma kutoka kulia hadi kushoto, hatukuona jina la mwanamke hata mmoja.

Aliyelisema ni mama mmoja kutoka Maskati, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusomesha. "Ami," alisema kwa adabu, "nimemtafuta mama yako humu nikamkosa."

"Mwanangu," ami akajibu, "nasaba ni ya baba."

Hakusema uongo. Mtoto huitwa kwa babake, na mwanamke wa Kiislamu haachi jina la babake anapoolewa. Mwana Kupona binti Mshamu aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mpaka leo, zaidi ya miaka 150 tangu kufa kwake, twamjua kwa Mshamu. Hiyo ni heshima ambayo wanawake wa mataifa mengine wameipigania juzi tu. Ila heshima hiyo ina upande wake wa pili: bibi huingia katika nyumba na jina lake, huzaa humo, huzikwa akiwa nalo, na watoto hubaki na la baba. Baada ya vizazi viwili hapana amkumbukaye, isipokuwa kama kuna mwanamke aliyehai wa kumtaja.

Yule mama hakubishana na ami katika nasaba. Aliuliza jambo jingine: mwaka jana, kabla ya posa kujibiwa, mliitazama karatasi hii? Wazee wakatazamana. Ndiyo, waliitazama. Ilifunguliwa sebuleni kwa baba wa binti, wakaona mabwana wawili wakutana kwa babu wa nne, wakasema hapana kizuizi, wakasoma Fatiha. Na hata kama mabinti wote wa ukoo wangaliandikwa, bibi wa Faza asingalikuwemo, kwa kuwa yeye si wa ukoo huo kabisa. Ni mama wa mke wa mtu.

Ukumbi ukawa kimya. Hapo mwenye kuongoza kikao akatangaza kwamba adhuhuri imekaribia, nasi tulimshukuru kimoyomoyo.

Wakati wa chakula tulikuwa tukifikiri juu ya nyumba. Katika Lamu na Pate ya zamani baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au aliongeza orofa juu ya yake, au alivusha wikio juu ya kichochoro ili apate chumba zaidi. Mume ndiye aliyekuja kukaa kwa mkewe. Jina lilitembea na wanaume, lakini mahali lilipofikia na kulala palikuwa pa mwanamke. Wenyeji wa Mombasa wenyewe, katika masimulizi yao, humtaja Mwana Mkisi kabla ya kumtaja Shehe Mvita. Na mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji yetu ya kale, miongoni mwake Mtwapa, Manda na Faza, baina ya mwaka 1250 na 1800. Wataalamu waliona kwamba wengi wa watu hao walipata zaidi ya nusu ya asili yao kutoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa wanawake, na kwamba wageni kutoka Uajemi, na baadaye Uarabuni, waliingia zaidi kwa upande wa baba, tangu karibu mwaka 1000. Twawaachia wataalamu njia zao. Ila kwa mwenye kukaa jikoni pwani hii, habari hiyo haikuwa ngeni sana.

Lililotokea alasiri twaliandika kwa uzito, na twajua kwamba baadhi ya wasomaji hawatapenda tuliandike.

Ilikuja jamaa moja kutoka mashamba ya bara ya Malindi: mama mtu mzima, wanawe watatu na mkaza mwana mmoja aliyebeba mtoto. Walikuwa wamesikia tangazo msikitini. Vitambulisho vyao vina jina la ukoo, tena limeandikwa kwa usahihi kuliko vya wengi wetu. Ami akawakaribisha, akawauliza wao ni wa baba gani, ili awatafute katika karatasi. Yule mama akajibu bila kuinua macho: "Sisi ni wa jina."

Wote waliokuwa pale walifahamu. Malindi ya karne ya 19 ilistawi kwa mtama na ufuta, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani hii ila mwaka 1907. Waliokuwa wakilima walibaki na majina ya waliokuwa mabwana zao, na wajukuu wao wameyabeba hata leo. Bwana mmoja kijana akanong'ona, kwa sauti iliyosikika, kwamba hapa pametakwa wenyewe. Sheikh aliyekuwepo alisimama akaeleza kwamba mtu hajuzu kujinasibisha na asiye babake, na kwamba aya ya 5 ya Suratul-Ahzab, ambayo imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, ndiyo hiyohiyo iliyosema kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Maneno yalikuwa ya haki. Lakini yalisemwa mbele ya watu waliokuwa wamesimama, kwa kuwa katika mashauri hayo yote hapana aliyekumbuka kuwapa viti.

Na kuna jambo ambalo Sheikh hakulisema, nasi twaona lilihitaji kusemwa. Katika vizazi vya juu vya karatasi ile wamo mabwana ambao mama zao walikuwa masuria. Sheria imewafanya wana hao kuwa huru na warithi sawa na ndugu zao, na hapana aibu juu yao. Ila ni kwa sababu mama hawakuandikwa kwamba leo hapana ajuaye ni nani na nani, na yule bwana kijana aliyenong'ona hajui anong'ona juu ya nani.

Jamaa ile ilikunywa chai, ikaaga kabla ya alasiri kuadhiniwa. Walipoitwa kwa simu Jumapili waje tena, walishukuru wakasema wana shughuli shambani. Tuliona haya.

Usiku wa Jumamosi wanaume walikwenda barazani, na wanawake walitandika mikeka katika chumba cha ndani. Bibi wa Faza aliegemezwa mto. Mama wa Maskati alitoa daftari la shule, la mistari, la shilingi chache, na kuuliza nani ana mwandiko mzuri. Yule binti, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 21, akanyoosha mkono.

Daftari halikufuata matawi. Lilifuata uzazi. Kila mama aliulizwa: ulijifungulia nyumba gani, nani alikuzalisha, nani alikukanda, ulipougua nani alimchukua mtoto? Wazee hawakutaja miaka kwa tarakimu. Walisema mwaka wa mafuriko, na tukajua ni 1961; mwaka Wabajuni walipokimbia bara na visiwa kwa ajili ya vita vya mashifta; mwaka watu walipokuja kutoka Unguja na nguo walizovaa; mwaka wa Elnino. Tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliwaza: maziwa hufuata misiba. Wakati watu wamesongamana nyumba moja, mama mmoja mgonjwa na mwingine hana maziwa kwa hofu, ndipo watoto hupitishwa mkono kwa mkono. Na watu wakishatawanyika, kila mmoja kwenda mji wake, ujuzi huo hutawanyika nao. Kabla ya saa sita za usiku yalikwisha kuandikwa majina 18.

Jozi moja ilitushtua. Wawili waliotajwa wamekwisha kuoana, na wana watoto watatu. Kalamu ikasimama. Mama aliyetajwa kunyonyesha, ambaye sasa macho yake hayaoni, akaulizwa kwa utaratibu: mara ngapi? Akasema: "Mara moja. Usiku wa harusi ya somo yangu, mamake alikuwa akipika, mtoto akalia." Mara moja tu? Mara moja, wala hakushiba, akaapa. Sheikh alipigiwa simu barazani. Akasema kwamba katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu pwani, hukumu haithubutu ila kwa mara tano zilizo mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na kwamba shaka katika hesabu haiharamishi. Lakini kwa kuwa madhehebu nyingine hutosheka hata na mara moja, ni vyema wahusika wamwone Kadhi ili nyoyo zitulie. Chumba kizima kilipumua. Binti akaandika: mara moja.

Tangu hapo hesabu iliandikwa mbele ya kila jina. Twawanasihi wasomaji wafanye vivyo hivyo, maana jina bila hesabu laweza kuvunja nyumba bila sababu, na kutoandika kabisa kwaweza kujenga nyumba isiyofaa kujengwa. Andikeni jina la mama aliyenyonyesha na la mume wake wa wakati huo, kwa kuwa yeye naye huwa baba wa maziwa, umri wa mtoto, mara ngapi au muda gani, na waliokuwapo. Kumbukeni pia kwamba udugu huu humwingia yule aliyenyonya na kizazi chake. Ndugu zake wa kuzaliwa hauwahusu, na kwa kutojua hilo watu wamezuiliana ndoa zilizo halali. Wala kunyonya hakuleti mirathi.

Msidhani kwamba haya yamepita na zama za bibi zetu. Mwaka 2019 ilifunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, benki ya maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga walio dhaifu, na bila shaka imeokoa roho. Mwaka 1985 baraza la fiqhi la kimataifa lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikwisha kuzuia benki za namna hiyo, kwa hofu hii hii ya maziwa kuchanganyika na wenyewe wasijulikane, ingawa wako wanazuoni waliolegeza. Mzazi mwenye mtoto dhaifu asiogope kuuliza wauguzi maziwa ni ya nani, na jibu alipeleke kwa mwanachuoni wake kabla ya kulipeleka kwa majirani.

Jumapili asubuhi daftari lililetwa mbele ya kikao. Wako waliosema siri za nyumba haziandikwi. Wako waliotaka kila mama aingizwe katika karatasi kubwa mara moja. Ami hakukubali karatasi yake iguswe. Alisema, na macho yalimlenga, kwamba ana umri wa miaka 74 na hawezi kuianza upya. Baada ya maneno marefu ilipatana hivi: daftari litawekwa ndani ya bomba lilelile la bati linalotunza karatasi, litashikwa na mwanamke mmoja wa Malindi na nakala itakaa Lamu, na hapana posa itakayojibiwa katika ukoo huo mpaka vyote viwili vifunguliwe. Juu ya jamaa ya shamba hapakupatikana neno. Wawili wetu tumeahidi kwenda kuwazuru wiki hii, si kwa niaba ya ukoo, maana ukoo haukututuma.

Mchana, mizigo ilipokuwa ikipakiwa, pakasikika hodi katika mlango wa chumba cha wanawake. Alikuwa yule kijana wa Mombasa, amekuja kumchukulia bibi mkoba wake hadi kwenye basi. Sote tulivuta leso na mitandio tukajifunika. Bibi alisema, "Pita, mwanangu," na binti, aliyekuwa amekaa kando yake akimfungia maandazi katika kitambaa, hakujifunika. Alisimama, akampa mkono, akasema: "Shikamoo, mjomba."

Akaitika marahaba. Kisha akauinua mkoba, akatoka mbele, nao wakamfuata.